Soketi imelowa? Kukauka sio kupona

Kama unaishi Kericho ama Bomet, hii stori unaijua. Asubuhi jua linawaka hadi unaanika nguo. Ikifika saa nane mchana mawingu yanaanza kujikusanya juu ya majani chai, na saa kumi mvua inapiga mabati hadi hamsikizani ndani ya nyumba. Jioni unarudi kejani, simu iko asilimia nne, unatafuta chaja. Ukuta ulio chini ya dirisha umechorwa ramani ya maji. Katikati ya hiyo ramani ndipo soketi iko.

Wengi wetu hufanya hivi: tunapangusa na kitambaa, tunapuliza kidogo, tunangoja hadi usiku, kisha tunachomeka chaja. Simu ikianza kuingiza moto, basi. "Iko poa, imekauka."

Leo nataka ubebe kitu kimoja, hata ukisahau mengine yote. Soketi iliyokauka si lazima iwe imepona. Maji yanaenda, lakini kile yalichobeba kinabaki ndani. Na hicho kilichobaki kinaweza kuunguza nyumba wiki mbili baadaye, wakati hata ile mvua umeshaisahau.

Huku kwetu maji hayabishi hodi

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unapanda kuelekea milima ya Mau, unapoa, na mvua inashuka. Ndiyo maana mwaka wa kawaida Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua, karibu mara mbili ya Nairobi. Hali hiyohiyo inayofanya chai imee vizuri kuanzia Kapsoit hadi Mogogosiek ndiyo inayolowesha ukuta wako.

Halafu kuna mvua ya mawe. Eneo la Kericho na Nandi limejulikana kwa mvua ya mawe kwa miaka mingi, kiasi kwamba katika miaka ya 60 na 70 ndege zilitumwa kurusha iodidi ya fedha mawinguni ili mawe yasiharibu chai. Wewe huna ndege, una mabati. Barafu ikijaa kwenye mfereji wa paa, maji hukosa njia ya kushuka. Yanarudi nyuma, yanapita chini ya mabati na kuingia ndani. Ndiyo sababu kuna nyumba ambayo haivuji mwaka mzima, halafu siku moja ya mawe ikavuja kama kichungi.

Tena baridi peke yake inatosha. Kama nyumba yako haina dari, usiku mabati yanapoa sana. Mvuke wa ugali, chai na maji ya kuoga unapanda juu, unagusa mabati baridi na kugeuka matone. Asubuhi unaona maji yanatiririka ukutani na hakukunyesha. Soketi haijali maji yametoka mawinguni ama kwenye sufuria yako.

Na kuna suala la jinsi nyumba zetu zilivyopata stima. Mpango wa Last Mile ulipoanza mwaka wa 2015, ada ya kuunganishiwa ilishushwa hadi Sh15,000, na boma nyingi za mashambani zikawaka taa kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa zamani, za udongo, mbao ama mabati matupu, bila mtu kuwazia waya zitapita wapi. Soketi zikapigiliwa pale palipokuwa na nafasi. Mara nyingi hapo ni ukuta wa nje, chini ya dirisha, karibu na mlango. Hasa mahali ambapo mvua ya upepo hupiga.

Ndani ya soketi kunafanyika nini?

Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Tatizo ni kwamba maji yanayofika kwenye soketi yako si safi. Yamepita juu ya mabati yenye kutu, yakasomba masizi ya kuni, vumbi la barabara na kinyesi cha ndege, halafu yakateremka ndani ya ukuta na kuyeyusha chumvi za simiti. Yakifika kwenye soketi ni supu. Na supu hiyo inapitisha umeme.

Maji yakikauka, uchafu unabaki kama utando mwembamba kati ya vyuma vya soketi. Usiku ukungu unashuka, ule utando unanyonya unyevu hewani, na umeme kidogo unaanza kupita mahali ambapo haufai kupita. Unapasha plastiki joto. Plastiki inaungua kidogokidogo na kuacha mstari mweusi wa kaboni. Kaboni nayo inapitisha umeme vizuri kuliko ule uchafu, kwa hivyo umeme zaidi unapita, joto linaongezeka, na mstari unazidi kurefuka. Hapo hakuna mlipuko wala kelele. Ni kitu kinachojijenga polepole hadi siku cheche inaruka na kushika pazia.

Wakati huohuo shaba na skurubu zinaota kutu. Ukiona rangi ya kijani kwenye shaba, hiyo ndiyo. Kutu inafanya waya usishike vizuri, na mahali waya umelegea ndipo joto hukaa. Ukiwasha heta ya koili, pasi ama jiko la stima kwenye soketi kama hiyo, umeme mwingi unalazimika kupita kwenye kanjia kembamba. Chaja ya simu haivuti umeme mwingi, kwa hivyo inaweza kufanya kazi fiti kwenye soketi mbovu kabisa. Ndiyo maana simu kuingiza moto hakuthibitishi chochote.

Hesabu ya mwili wako

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinichukue kama injinia. Lakini hii ni fizikia ya sekondari na unaweza kuipiga mwenyewe.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Gawa 240 kwa 1,000, unapata ampea 0.24, yaani miliampea 240.

Sasa linganisha. Karibu miliampea 10, misuli ya mkono inajikaza na unaweza kushindwa kuachilia ulichoshika. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, akapata kwamba kwa wastani wanaume hushindwa kuachilia wakifika miliampea 16 na wanawake kama 10.5. Kuanzia miliampea 30 kupumua kunakuwa vita. Ukipita 50 kuelekea 100, moyo unaweza kupoteza mdundo. Wewe, ukiwa umesimama miguu mitupu kwenye sakafu ya simiti iliyolowa, unaweza kupitisha 240.

"Lakini plagi yangu iko na fyuzi." Fyuzi kubwa ya plagi zetu za miguu mitatu ni ya ampea 13. Hiyo ni miliampea 13,000. Sakiti breka ya soketi kwa kawaida ni ampea 20 ama 32. Wewe unakufa kwa robo ya ampea, na fyuzi haijasikia lolote. Fyuzi iliwekwa kulinda waya usiungue, haikuwekwa kukulinda wewe.

Kinachokulinda wewe ni kifaa kinachoitwa RCD. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaotorokea mahali pengine, pengine mwilini mwa mtu, na kinakata stima yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Dalziel huyohuyo ndiye alitengeneza kifaa cha aina hiyo kule Marekani mwaka wa 1961. Zaidi ya miaka 60 baadaye, bado kuna ploti nyingi huku ambazo ukifungua boksi la stima utapata sakiti breka peke yake.

RCD si miujiza, ukumbuke. Ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na waya wa kurudi kwa mwingine, yenyewe inaona umeme umetoka na umerudi, kwa hivyo haikati. Lakini kwa mtu aliyegusa soketi iliyolowa akiwa amesimama sakafuni, hiyo ndiyo tofauti kati ya kushtuka na kuzikwa.

Ishara za kuangalia leo

Huhitaji kufungua soketi ndiyo ujue iko na shida. Tumia macho, pua na masikio:

Rangi ya kahawia ama nyeusi karibu na matundu. Hapo tayari kuna kuungua.

Harufu ya plastiki iliyoungua, ama harufu kama ya samaki wakati hakuna aliyepika samaki. Plastiki nyingine za vifaa vya stima hunuka hivyo zikipata joto.

Mlio mdogo, kama kitu kinakaangwa mbali, hasa usiku kukiwa kimya.

Plagi iliyo na joto baada ya kuchomoa. Joto kidogo kwa pasi ama chaja ya simu ni kawaida, lakini joto kali si kawaida.

Rangi ya ukuta iliyovimba ama kubambuka kuzunguka soketi. Hapo maji yamekuja zaidi ya mara moja.

Mtetemo ukigusa sufuria ya stima, mlango wa chuma ama bomba. Wengine hucheka, "stima inanitekenya." Hiyo ni onyo. Umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini na umekaribia kukuchagua wewe.

Na tokeni zinazoisha ovyo. Hii wengi hawaijui. Tuseme soketi iliyolowa inavujisha miliampea 100 tu. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 24, mchana na usiku. Kwa siku ni zaidi ya nusu yuniti, na kwa mwezi ni kama yuniti 17. Unalipia umeme unaopasha ukuta joto. Jaribu hivi: chomoa kila kitu, zima taa zote, kisha angalia taa ndogo ya mita inayopepesa. Ikiendelea kupepesa na hakuna kinachotumika, kuna mahali stima inatoroka, ama kuna jirani ameunganishwa kwako. Yote mawili yanahitaji fundi.

Umeikuta imelowa. Fanya hivi

Kwanza, usiguse. Usichomoe chaja, usizime swichi ya hiyo soketi, usipanguse. Ondoa watoto. Mtoto wa miaka mitatu hajui miliampea.

Pili, angalia mahali umesimama. Kama sakafu imekauka, mikono imekauka na umevaa viatu vikavu, nenda kwenye boksi la stima uzime swichi kuu ya nyumba nzima. Usitegemee swichi ya soketi. Fundi akiwa alichanganya waya, swichi hiyo inakata upande wa kurudi tu na moto unabaki palepale.

Kama maji yametanda sakafuni, ama boksi lenyewe limelowa, usiliendee. Toka nje. Kama boksi liko nje kwa korido ya ploti na ni kavu, mwambie keateka azime kutoka hapo. Kama shida iko kwenye mita ama waya unaotoka kwa nguzo, hiyo ni kazi ya Kenya Power na nambari yao ni 97771. Kumbuka mpaka: hadi kwenye mita ni wao, kutoka mita kuingia ndani ni mwenye nyumba.

Tatu, ukishazima swichi kuu, ndipo uchomoe vitu. Kata kipande cha katoni, andika IMELOWA, USITUMIE, na ukibandike juu ya soketi. Unacheka, lakini rafiki yako atakuja wikendi na simu imezima, na hatauliza kama soketi iko salama.

Nne, kama nyumba ina sakiti breka tofauti za soketi na taa, acha ya soketi ikiwa imezimwa na uwashe ya taa peke yake, mradi maji hayakugusa taa wala waya zake. Kama huna uhakika, lala na tochi. Usiku mmoja bila stima haujaua mtu.

Tano, mwite fundi. Soketi iliyoingia maji haikaushwi, inabadilishwa. Ni kifaa cha shilingi mia kadhaa. Hakuna hesabu yoyote inayofanya iwe na maana kuiokoa.

Maneno ya mtaani ambayo yatakuponza

"Nimevaa gambuti, siwezi kunaswa." Gambuti kavu lisilo na tundu linasaidia, kweli. Lakini gambuti la kuchumia chai lililoingia maji ndani ni soksi tu. Na kama mkono mmoja uko kwa soketi na mwingine umeegemea ukuta uliolowa, umeme hauna haja na miguu yako.

"Stima ya huku ni dhaifu, haiwezi kuua." Jioni stima inaposhuka hadi volti 180, piga ile hesabu tena. Omu 1,000, unapata miliampea 180. Bado ni nyingi mno.

"Niliweka testa, haikuwaka." Ile bisibisi ya taa huwaka kupitia mwili wako mwenyewe. Mwangaza wa jua, viatu vya raba ama taa yake iliyochoka vinaweza kukudanganya. Testa kuwaka ni habari, testa kutowaka si hakikisho.

"Weka jiko la makaa karibu, itakauka haraka." Utakausha nje na kuacha chumvi ndani. Zaidi ya hayo, makaa ndani ya rumu iliyofungwa kwa sababu ya baridi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Umekimbia kifo kimoja ukaingia kwa kingine.

"Ingiza kalamu kwa tundu la juu, plagi ya miguu miwili itaingia." Wote tumeona hii. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, na mguu mrefu wa plagi ndio unaofungua vifuniko vya matundu mengine mawili. Ukilazimisha na kalamu, plagi inakaa imelegea, vifuniko vinabaki wazi, na soketi ikirushiwa maji yanaingia moja kwa moja. Nunua adapta.

Maji yametoka wapi?

Ukibadilisha soketi bila kuziba maji, umenunua soketi ya msimu mmoja. Kabla fundi hajaja, kuwa mpelelezi. Fuata alama ya maji kutoka chini kwenda juu.

Alama ikianzia kwenye kona ya dirisha, shida ni fremu ama kizingiti kilichoinama kuelekea ndani. Ikianzia juu kabisa, angalia misumari ya mabati. Raba za misumari hukauka na kupasuka baada ya miaka, na kila msumari unakuwa tundu. Ikiwa ukuta mzima ni mkavu na soketi peke yake inatoa maji, maji yanapitia ndani ya bomba la plastiki lililobeba waya. Yameingia kule juu darini na kuteremka kama kwenye mrija hadi kwa boksi la soketi. Hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani.

Angalia pia mahali waya wa stima unaingia nyumbani kutoka nje. Waya unapaswa kuning'inia kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia, ili matone yadondokee hapo nje. Ukiwa umenyooka kutoka juu kuingia ndani, maji yanauteleza kama barabara. Na ikiwa upande wa pili wa ukuta ni bafu la jirani, anza hapo.

Fundi: muulize maswali

Kazi ya stima Kenya inasimamiwa na EPRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya ERC baada ya Sheria ya Kawi ya 2019, na mafundi wanahitaji leseni yao. Kuuliza "uko na leseni ya EPRA?" si matusi. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa, kwa sababu wewe ndiye unamtofautisha na yule wa kuunganisha na selotepu.

Akija, muombe mambo manne. Moja, akate waya zilizoota kutu hadi afikie shaba safi, asifunge soketi mpya juu ya waya mbovu. Mbili, apime waya kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kuona kama zinavuja. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, ukuta bado una maji ama waya umeharibika. Tatu, akague waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, aone kama kweli unafika kwenye chuma kilichopigiliwa udongoni. Kuna nyumba ambazo soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Nne, ahamishe soketi ikiwezekana. Ukuta wa ndani, juu kidogo, mbali na dirisha na karai la kuoshea vyombo. Kama lazima ikae nje ama barazani, iwe ya aina ya kuzuia maji yenye kifuniko. Kwenye boksi utaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya pili ndiyo ya maji: 4 inastahimili kurushiwa matone, 6 inastahimili maji ya kasi.

Kwa boma za wakulima wa KTDA: bonasi ikiingia, kwa kawaida karibu na Oktoba, kabla mzazi hajaamua TV kubwa, mwambie kuhusu RCD. Inagharimu kidogo kuliko TV na inalinda kila mtu ndani ya nyumba. Ikishawekwa, ina kitufe cha herufi T. Kibonyeze angalau mara mbili kwa mwaka. Ikikata stima, iko hai. Isipokata, ni pambo.

Landilodi anaposema "nitaangalia"

Hapa ndipo shida ya vijana wengi iko. Umepanga bedsita Kabianga, Litein ama Bomet mjini. Paa si lako, ukuta si wako, na landilodi anasema atatuma mtu "wiki ijayo" tangu Machi.

Jua haki yako. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema kwamba mtu akikodisha sehemu tu ya jengo, kama rumu kwenye ploti, mwenye jengo ndiye anayepaswa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, na mitambo inayotumiwa na wote. Maji yakipitia paa hadi kwa soketi, huombi hisani. Na kama kodi yako haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kuna Mahakama ya Kodi za Nyumba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi ambayo inaweza kusikiliza malalamiko yako.

Lakini kabla ya kufika huko, andika. Simu haina ushahidi, ujumbe unao. Piga picha ya ukuta, ya soketi na ya mahali maji yanaanzia, kisha tuma kitu kama hiki:

"Habari ya jioni mama. Ni mimi wa rumu namba 6. Mvua ya leo imeingia kupitia paa na kulowesha soketi iliyo chini ya dirisha, na ina alama ya kuungua. Nimezima stima ya soketi kwa usalama. Naomba utume fundi wa stima aibadilishe na mtu wa kuziba paa kabla ya Ijumaa. Picha ni hizi. Asante sana."

Ni heshima, ina tarehe, ina picha, na inataja hatari. Landilodi mwenye akili akisoma "alama ya kuungua" anawaza ploti yake yote. Asipojibu, ongea na majirani wako watume wao pia. Rumu sita zikilalamika siku moja zinasikika kuliko wewe peke yako mara sita. Kama mzazi wako anaishi nyumba za kampuni kwenye kambi ya chai, fanya hivyohivyo kwa ofisi ya kambi: maandishi, picha, tarehe.

Usifanye kazi ya fundi mwenyewe ili kuokoa amani. Ukifungua soketi ya watu na mtu akaumia, lawama itakuwa na jina lako.

Mtu akinaswa

Usimshike. Mkono wako utakuwa njia nyingine ya umeme na mtakuwa wawili. Zima swichi kuu. Ukishindwa kuifikia, simama juu ya kitu kikavu kama ubao ama godoro, umsukume kwa kijiti kikavu cha ufagio ama kiti cha plastiki hadi aachane na stima. Usitumie chuma wala kitu kilicholowa.

Akiachana na stima, mwite na uangalie kama anapumua. Kama hapumui, piga 999 ama 112, ama mwambie mtu apige huku wewe ukianza kubonyeza kifua: katikati ya kifua, kwa nguvu, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Umeme unaweza kuvuruga moyo bila kuacha alama kwa ngozi.

Na soketi ikishika moto, usimwage maji. Kata stima kwanza. Kama moto ni mdogo na una mchanga mkavu ama kizimamoto cha unga, tumia. Kama umeshika pazia na godoro, toka, gonga milango ya majirani, funga mlango nyuma yako.

Kabla mvua ya leo haijaanza, zunguka rumu yako mara moja. Hesabu soketi zilizo kwenye ukuta wa nje. Sogeza extension iliyolala sakafuni uipandishe juu ya meza. Tafuta swichi kuu iko wapi, na umwonyeshe kila unayeishi naye, hata mdogo wako. Inachukua dakika kumi. Saa nane haiko mbali.